Nilijaza tairi za trekta kwa kipimo cha baiskeli, na kila Jumamosi nilikuwa nateremka na akina mama nyuma

Wakuu, salamu nyingi kutoka Kamina, huku Haut-Lomami.

Nimekuwa msomaji tu humu ndani kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimeona watu kwenye uzi mmoja wanabishana kuhusu tairi za trekta, na wengi wanasema jibu ni kujaza upepo mpaka ligonge kama ngoma. Niliposoma hivyo mwili ulinisisimka.

Ninayoandika hapa niliyafanya kwa mikono yangu. Kuna sehemu zinanitia aibu, nitaziandika pia.

Kiswahili changu ni cha Kongo, wale walimu wa sarufi mnivumilie. Nimejitahidi kuandika cha kwenu, ila watu wakisema nitawaacha waseme cha kwetu.

Twende.

Mimi ni dereva wa trekta ya umoja wetu wa wakulima. Ni familia kama ishirini hivi, na trekta ni moja, kuukuu, tunailea kama mgonjwa. Tunalima mahindi, mihogo na karanga.

Shamba liko ng'ambo ya kijito. Ili ufike lazima uteremke mteremko mmoja mrefu wa udongo mwekundu, na chini yake kuna daraja la magogo. Halina ukingo upande wowote. Ukikosea njia kwa hatua mbili tu, umeingia majini na kila ulichobeba.

Kila Jumamosi asubuhi nawapeleka akina mama shambani, alasiri nawarudisha. Mteremko uko wakati wa kwenda. Wanakaa ndani ya tela juu ya magunia ya mbegu na mbolea, kumi na wawili, wakati mwingine kumi na wanne. Mmoja wao ni mke wangu, Mama Numbi. Siku nyingine ni mwalimu wa shule ya msingi, Jumamosi ni mkulima.

Najua mtasema tela si ya kubeba watu. Najua. Njoo uwaambie wao watembee na gunia kichwani, halafu unipe jibu watakalokupa.

Sasa kabla ya trekta, mimi nilikuwa mtu wa kinga. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Miaka mingi nimesukuma samaki wakavu kutoka Kinkondja mpaka hapa mjini, mzigo mzito kuliko mimi mwenyewe.

Mtu wa kinga anaogopa kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni tairi laini. Tairi likilegea ukiwa na mzigo, rimu inapinda, spoku zinakatika, na wewe uko peke yako porini na samaki wa watu wanaanza kunyonya unyevu. Iliwahi kunipata kwenye barabara ya Bukama, nikakaa siku mbili nikingoja msaada. Tangu hapo kidole gumba changu hakitulii. Nikiona tairi lolote nalibonyeza.

Na si mimi tu. Huku kwetu karibu kila mwanaume amewahi kusukuma kinga. Tairi zuri ni gumu, gumu kabisa, kidole kisiingie. Hilo halina mjadala.

Sasa umpe mtu wa namna hiyo trekta.

Tairi kubwa za nyuma zilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi. Tulizisubiri mpaka tukakata tamaa, msimu mzima wa kulima ukapita. Zilipofika watu waliziimbia. Mwenyekiti akaniambia mbele ya wote kwamba zile zikiisha mapema hatujui lini tutapata nyingine. Kwa hiyo nilizipenda tairi zile na nikaziogopea.

Jambo la kwanza nililoona ni kwamba zina tumbo. Pale chini zinapogusa ardhi, ubavu unatoka nje kidogo. Roho yangu ya kinga ikakataa. Nikampelekea Kabange, huyu ndiye kwado wetu, yaani fundi wa tairi, yuko karibu na soko.

Kabange naye kajifunza kazi kwenye baiskeli na pikipiki. Alizunguka trekta mara mbili, akainama.

"Ona vile tumbo yake inatoka. Iko mou hii. Na ile mizigo yote juu yake, itakamata udongo namna gani?"

Mou kwetu ni laini. Tukajaza. Hatukuwa na geji ya maana ya kupimia upepo, ile yake ni ya malori, namba za chini zimefutika. Tulipima kwa kugonga na chuma na kusikiliza. Watu walisimama kutazama, kila mmoja akatoa maoni, na maoni yote yalikuwa ongeza. Hata mchungaji alipita, akapiga teke kidogo na kiatu chake cha ibada, akasema sasa iko sawa.

Hakuna mtu hata mmoja mjini aliyesema hapana.

Mvua zikaanza.

Jumamosi ya kwanza ya utelezi niliingia mteremko kwa gia ndogo kama kawaida. Tela letu halina breki, kwa hiyo trekta ndiyo inayolizuia kwa tairi zile za nyuma tu. Katikati ya mteremko nikahisi kitu ambacho sijui nikielezeje. Tairi zilikuwa zinazunguka polepole, lakini ardhi ilikuwa inapita haraka.

Tulikuwa tunateleza.

Ilikuwa hatua kumi na tano labda. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama haujafungwa na kitu. Halafu tairi zikapata changarawe, zikashika, tukasimama. Nyuma akina mama walikuwa wanacheka, walidhani nimefanya mchezo. Mimi nikaondoka tena polepole bila kugeuka nyuma.

Usiku ule na siku zilizofuata nilijiuliza nini kimetokea. Na hapa ndipo kosa lenyewe, wakuu, msinicheke sana. Nilijiambia tairi zimelegea. Ndiyo maana zimeteleza. Kwani kwenye kinga, tairi laini ndilo linaloyumba.

Nikarudi kwa Kabange tukaongeza tena.

Wiki zile trekta ilianza kurukaruka barabarani hadi mgongo ukaniuma. Shambani gurudumu lilikuwa linazunguka pale pale na kuchimba shimo. Meno ya tairi yakaanza kulika katikati huku pembeni yakiwa mapya kabisa. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikasema tairi za siku hizi feki, wametuuzia takataka. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kabla hatujatoka nilipitia kwa Kabange nikaongeza kidogo tena, kwa ajili ya usalama. Ndivyo nilivyosema. Kwa ajili ya usalama.

Tulipofika juu ya mteremko mke wangu aliniita kutoka kwenye tela.

"Baba Numbi, leo tushuke na maguu. Ile udongo iko mubaya."

Wenzake walikuwa wanasikiliza. Nikaona aibu kidogo, dereva kushushiwa abiria na mke wake, nikajibu kwamba tairi ziko imara.

"Mubakie. Mapneu iko nguvu sasa."

Nikaingia.

Safari hii haikuwa hatua kumi na tano. Ilianza juu kabisa. Nilikanyaga breki, magurudumu yakasimama, na sisi tukaendelea kwenda. Tela likaanza kunisukuma, kisha likaanza kunipita kwa upande. Niligeuka nikaliona liko sambamba na bega langu, na akina mama wameshikana. Nilimwona mke wangu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananitazama tu. Waliopiga kelele walikuwa wenzake.

"Simamisha! Baba, simamisha!"

"Yesu! Tunakufa!"

Nilijua tunakufa. Sisemi kwa kukuza habari. Magogo ya daraja yalikuwa yanakuja, maji yamejaa yana rangi ya matofali, na mikononi mwangu hakukuwa na kitu chochote kinachosikia. Haja ndogo ilinitoka, sikujua mpaka baadaye.

Kulikuwa na kichuguu pembeni ya njia, vile vikubwa vya huku kwetu. Ubavu wa tela uligonga pale. Kila kitu kikatikisika, trekta ikazimika.

Tulikuwa tumebakiza urefu wa trekta moja kufika majini.

Lakini kabla ya kichuguu, Mama Ngoie alikuwa amekwisha ruka. Huyu ni mjane, mtu mzima, ndiye anayeanzisha nyimbo kila tukienda shambani. Aliruka upande wa kushoto, akaangukia mkono. Nilimkuta amekaa kwenye tope, mkono umepinda pale usipopaswa kupinda, na kitambaa chake cha kichwa kimebaki kwenye tela.

Tulimpeleka hospitali kwa kinga. Niliisukuma mimi.

Na sasa sehemu ninayoiogopa kuiandika.

Kwenye mkutano wa umoja watu walijadili ajali. Wakasema dereva amejitahidi, amewaokoa. Tope ni tope. Kisha mmoja akasema, waliobaki kwenye tela hakuna aliyeumia, sasa yeye alikuwa anarukia nini? Wengine wakakubali. Wakaanza kumwona Mama Ngoie kama mtu aliyejiumiza mwenyewe.

Naye alikuwepo, mkono umefungwa. Akasimama.

"Munisamehe, bandugu. Njo minyi mwenyewe niliruka. Roho ilinitoka."

Akanigeukia mimi pia. "Na weye shofere, unisamehe."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimsamehe, wakuu. Nilikaa pale kwenye benchi nikamsamehe.

Baada ya hapo sikuwa mzima. Nikisikia injini inawaka naondoka pale nilipo. Wiki mbili nilisingizia trekta ina ubovu, ikakaa chini ya turubai, na mahindi ya watu yakasongwa na majani. Nilikuwa naota ule uso wa mke wangu unaonitazama bila kelele.

Yeye ndiye aliyelipata jibu.

Alikuwa ameteremka kwa miguu kwenda shambani, akasimama kwenye mteremko akitazama alama za tairi zetu, zilizokuwa zimekauka kwenye udongo. Aliporudi aliniuliza swali moja.

"Juu ya nini pneu mukubwa hivi inaandika katikati tu?"

Sikuelewa alichokuwa anauliza, kwa nini alama za tairi ni za katikati tu. Akanitoa nje, akachukua chaki yake ya shule. Akachora mstari mnene juu ya tairi, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa upana wote. Akaniambia niisogeze trekta mbele taratibu pale kwenye uwanja mgumu, mzunguko mmoja. Nilipanda kwa kujilazimisha, uwanja wenyewe tambarare.

Tulipoangalia, chaki ilikuwa imefutika katikati, upana kama wa viganja viwili. Pembeni kote ilikuwa imebaki nyeupe kama alivyoichora.

Nilikaa chini.

Tairi lote lile pana, na sehemu iliyokuwa inagusa ardhi ilikuwa ndogo namna ile. Meno ya pembeni, ambayo kazi yake ni kuuma udongo, yalikuwa hewani. Kila nilipoongeza upepo nilikuwa nayainua zaidi. Nilikuwa nimewapakia watu kumi na wanne na kuwateremsha juu ya kamba.

Mama Numbi alitafuta kitabu cha trekta. Kilikuwa chini ya kiti, ndani ya plastiki, tangu siku ilipokuja. Hakuna aliyewahi kukifungua. Ni cha Kifaransa, kina jedwali la mzigo na upepo. Aliketi nacho na rula, akafuata mstari kwa kidole.

Tukaagiza geji ndogo ya tairi za shamba, ile inayosoma namba za chini. Binamu yangu akaileta kwa treni. Tulipopima tulikuta upepo wa bar tatu na zaidi. Kitabu, kwa mzigo wetu, kilitaka moja na nusu.

Siku ya kutoa upepo Kabange alikuja mwenyewe. Alibonyeza vali, tairi likaanza kupumua. Tumbo la tairi likatoka. Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinasema acha, linakufa hilo. Mpita njia akadhani limeisha upepo, akapaza sauti, "Shofere, pneu yako iko plat!" Kabange akamjibu aende zake, lakini naye aliachia vali kwanza akalitazama tairi.

Tukachora chaki tena. Ikafutika pande zote, ukingo hadi ukingo.

Niliteremka mara ya kwanza peke yangu na tela tupu. Ikashika. Mara ya pili na magunia bila watu. Ikashika. Jumamosi yenyewe nikawaambia akina mama washuke kwa miguu, niwakute darajani. Wakashuka wote isipokuwa mmoja.

Nikamwambia Mama Numbi ashuke. Akakaa. Nikamwambia kwa ukali. Akajishikiza kwenye gunia.

"Minyi njo nilisoma ile kitabu. Kama nilisoma mubaya, tutaanguka sisi bote."

Wakuu, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya ajali. Siku ya ajali sikuwa na muda. Safari hii nilikuwa na muda wote. Niliingia gia ya chini kabisa, mguu mbali na breki, nikiisikiliza ardhi kwa makalio. Udongo ulikuwa umelowa vile vile. Tulipofika pale palipotutupa, nilifumba macho, dereva mzima nikafumba macho. Nilipofumbua, trekta ilikuwa inaendelea kutembea kwa mwendo wake wa kizee, haina haraka.

Tulipovuka magogo nilizima injini nikashuka kutapika.

Sasa kwa wale mliokuja kutafuta elimu ya tairi, chukueni hii. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla hujatembea hata kidogo. Ukipima baada ya kazi geji itakudanganya. Kushoto na kulia ziwe sawa. Namba itoke kwenye kitabu cha trekta yako, si kwa kidole, si kwa chuma, na si kwangu mimi. Tairi za tela ni habari nyingine, zetu zinataka upepo mwingi kuliko za trekta, nasi tulikuwa tumezisahau zimelegea. Kama huna geji leo, chaki unayo. Ikifutika katikati tu, umezidisha. Ikifutika pembeni tu na kuacha katikati, umepunguza mno, hilo nalo linakata ubavu, hasa kwenye visiki.

Usizungushe gurudumu lililokwama, kila mzunguko unalimaliza meno. Futa mafuta yakilidondokea. Egesha kivulini. Usiteremke bila gia kwa kubana mafuta. Meno ya zetu sasa yanalika sawasawa, taratibu, na Kabange anasema zitafika misimu mingi. Amenunua geji na yeye.

Hayo ya tairi yamekwisha.

Mkutano uliofuata nilisimama. Nikasema tope halikuwa na kosa. Nikasema mimi ndiye niliyejaza, na asubuhi ile ile niliongeza tena, na mke wangu aliniomba washuke nikakataa kwa aibu ya mbele za watu. Nikasema Mama Ngoie aliruka kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinakwenda kuua, na aliona sawa.

Nilingoja wanifukuze. Hawakunifukuza, hakuna mwingine anayeijua trekta ile.

Mama Ngoie alisimama kunijibu. Mkono wake umepona vibaya, hashiki jembe sawasawa, anapanda tu mbegu.

"Nimesikia, mutoto yangu. Sina na hasira na weye. Lakini pale, minyi nitashuka na maguu."

Basi mpaka leo ni hivyo. Jumamosi tukifika juu ya mteremko nasimamisha. Anashuka, anavua ndala, anashika mkono wake mmoja kwa mwingine. Mimi nateremka na wenzake, salama, tairi zinauma udongo kama zinavyotakiwa. Nikivuka daraja nageuka nyuma nangoja. Ni dakika kumi, kwenye tope ni zaidi. Nyimbo hazianzi mpaka afike, na hakuna anayelalamika.

Nimemwonyesha chaki. Nimemwonyesha geji, nimemsomea namba. Anaitikia vizuri kabisa, halafu anashuka.

Mwenye trekta apime kesho asubuhi, aje aseme hapa amekuta ngapi, tusaidiane. Lakini kama kuna mtu humu aliwahi kumtia mwenzake hofu ya namna hii, na baadaye yule mtu akakubali kupanda tena, naomba aniambie alifanyaje. Hilo halimo kwenye kitabu.